Kitabu Chekundu cha Maranello: Tathmini ya Cheti cha Uasilia wa Ferrari za Kale

Kitabu chenyewe ni jalada gumu la rangi nyekundu. Ndani yake mna picha za gari sehemu kwa sehemu, namba ya chesi, namba ya injini na namba ya giaboksi, pamoja na tamko la kiwanda cha Ferrari kwamba gari hilo linalingana na lilivyotoka Maranello, mji wa Italia kilipo kiwanda hicho. Katika minada ya magari ya kale ya Italia jalada hili hutajwa mapema, mara nyingi kabla hata hali ya injini haijaelezwa, na wapo wanunuzi ambao wakishasikia kwamba kitabu kipo hawaulizi swali la pili. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisindikiza wanunuzi wanaokwenda kukagua magari ya aina hii, na nimefungua vitabu vya kutosha kujua vinasema nini na vinanyamazia nini. Tathmini hii inahusu huduma hiyo ya Ferrari Classiche, idara ya kiwanda inayoshughulikia magari ya kale, na kwa kulinganisha nitaigusa ile ya Lamborghini iitwayo Polo Storico. Hukumu yangu naitanguliza: kitabu kinafanya vizuri kazi kilichopangiwa, na hasara huanza pale mnunuzi anapokitwisha kazi ambayo hakikupangiwa.

Idara ya Classiche ilianzishwa mwaka 2004, na karakana yake imo ndani ya kiwanda, katika jengo ambalo zamani lilikuwa la kusubia vyuma. Huduma iko wazi kwa magari ya barabarani yaliyotimiza miaka 20 na kwa magari ya mashindano. Mwenye gari halazimiki kulisafirisha hadi Italia. Fundi wa wakala aliyeidhinishwa hulipandisha gari juu, husafisha mahali namba zilipogongwa kwenye chuma, hupiga picha za chesi, injini, giaboksi, sospensheni, breki, rimu, bodi na viti, kisha faili lote hupelekwa Maranello na kulinganishwa na michoro pamoja na karatasi za uundaji ambazo kiwanda kimezihifadhi tangu kilipounda gari lake la kwanza mwaka 1947. Palipo na tofauti mwombaji huambiwa, na asipoirekebisha hapati cheti.

Nguvu ya huduma hii ni zile karatasi. Chukua mfano wa Ferrari 365 GTB/4, ambayo watu wameizoea kwa jina la Daytona. Yale yaliyotoka kiwandani bila paa yalikuwa 122 tu, ilhali yenye paa yalizidi 1,200, na kwa kuwa lile la wazi limekuwa na bei kubwa zaidi miaka yote, mafundi wengi, wengine hodari kwelikweli, wamelikata paa lililokuwepo na kulivalisha gari turubai. Kazi ya namna hiyo ikifanywa na fundi bodi anayejua anachokifanya, na ikapita miaka 30 juu yake, jicho peke yake haliwezi kuitambua. Kumbukumbu za Maranello hulimaliza swali hilo mara moja, kwa kuwa namba ya chesi ama imo katika orodha ya magari ya wazi ama haimo. Swali ambalo zamani lilihitaji barua nyingi na chakula cha jioni na wazee kadhaa wa Modena, mji wa jirani, kila mmoja akiwa na kumbukumbu zake na uhasama wake, sasa lina jibu la maandishi. Kwa hilo peke yake huduma inastahili sifa.

Matatizo yanaanzia kwenye neno moja. Kitabu kinathibitisha kwamba gari linalingana na lilivyoundwa, lakini wanunuzi wengi hulisoma neno hilo kana kwamba limeandikwa kwamba gari limebaki lilivyoundwa. Kati ya kulingana na kubaki pana umbali mkubwa. Ferrari nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikimbizwa katika mashindano, zikapasua injini, zikafungwa injini nyingine, zikauzwa kwa bei ya kutupa zilipochakaa. Leo mwenye gari la namna hiyo anaweza kuagiza bloku mpya ya injini isubiwe kwa kufuata michoro ya asili, na gari likarejeshwa katika hali inayotambuliwa na kiwanda. Chuma ni kipya, michoro ni ya zamani, na baba aliyelizaa gari ndiye aliyelizaa mara ya pili. Wapo wakusanyaji wanaoona hilo ni halali kabisa, na hoja yao ina uzito: nani mwingine mwenye haki zaidi ya kutengeneza bloku ya Ferrari kuliko Ferrari? Mimi napingana nao kidogo. Injini mpya ya kiwandani ni tiba nzuri kwa gari lililopoteza ya kwake, lakini tiba ni habari ambayo mnunuzi anapaswa kuisoma ukurasa wa kwanza. Asiachiwe aibaini mwenyewe kwa kuuliza maswali ya pembeni.

Lipo pia suala la nafasi ya mkaguzi. Nyumba inayotoa cheti ndiyo inayouza vipuri, na ndiyo yenye karakana ya kurekebisha kasoro zilizobainishwa na ukaguzi wake. Sidai kwamba kuna ujanja. Nasema tu kwamba hakimu, fundi na muuza duka wakiwa chini ya paa moja, mteja ana haki ya kumleta shahidi wake mwenyewe, na wakusanyaji wenye uzoefu hawaachi kumlipa mwanahistoria wa kujitegemea hata pale kitabu kinapokuwa mezani.

Kulielewa hili vizuri inafaa kupiga magoti kando ya Ferrari F40. Gari hili lilitoka mwaka 1987, likiwa la mwisho kuidhinishwa na Enzo Ferrari kabla ya kifo chake mwaka 1988, na hadi mwaka 1992 yalikuwa yameundwa zaidi ya 1,300. Injini yake ni ya silinda 8, lita 2.9, yenye taabo mbili na nguvu za farasi 478, na ili kupunguza uzito kiwanda kilibana kila kitu: hamna zulia, mlango unafunguliwa kwa ndani kwa kuvuta kamba, na rangi imepigwa nyembamba mno. Wembamba huo ndio unaomsaidia mkaguzi. Asubuhi moja, katika karakana moja nje ya Modena, niliiwasha tochi na kuielekeza kwa mshazari juu ya mlango wa kushoto wa F40 iliyokuwa inauzwa, na chini ya wekundu ule zikaonekana nyuzi za bodi zilivyofumwa, miraba midogo midogo iliyolala kama mkeka mwembamba uliotandikwa chini ya maji. Nikahamia bawa la nyuma upande wa kulia, yaani sehemu ya bodi iliyo juu ya gurudumu. Huko palikuwa laini kama kioo cha meza. Nikarudi kushoto, nikaenda tena kulia, nikamwita mnunuzi naye ashike tochi mwenyewe, na hakuhitaji kuelezwa.

Maana yake ni kwamba upande wa kulia ulipigwa rangi upya, tena nene kuliko ya kiwandani. Kile kipimo cha unene wa rangi kinachotumia sumaku, ambacho madalali hupenda kukitoa mfukoni kwa madaha, hakifai kitu hapa kwa sababu chini ya rangi hakuna chuma, bali nyuzi hizo zilizofumwa. Kinachofaa ni tochi, subira na magoti yenye afya. Gari lile lilikuwa na kitabu chekundu, na kitabu hakikuwa na kosa lolote: bodi ilikuwa ya umbo sahihi na rangi ilikuwa ile iliyoandikwa katika kumbukumbu. Nilipomwonyesha mzee mwenye karakana, alikitazama kitabu, akalitazama bawa, kisha akasema taratibu, "Bwana, kitabu kinasema gari ni jekundu. Kwani si jekundu?" Sikuwa na la kumjibu, maana mzee alikuwa amelieleza tatizo lote kwa sentensi mbili.

Gari hilohilo linafundisha jambo la kinyume. Matangi ya petroli ya F40 ni mifuko laini kama yale ya magari ya mashindano, na mifuko hiyo huzeeka hata gari likiwa limesimama tu. Inapaswa kubadilishwa takriban kila baada ya miaka 10. Muuzaji anayejisifu kwamba matangi yake ni yaleyale ya kiwandani anajisifu kwa hatari. Matairi na mipira ya breki ni hivyohivyo. Ipo sehemu ya gari ambayo thamani yake ni kubaki, na ipo sehemu ambayo thamani yake ni kubadilishwa kwa wakati huku risiti ikitunzwa. Kitabu hakina nafasi ya kuzitenganisha, kwa hiyo mwenye gari hujiwekea utaratibu wake.

Umuhimu wa namba moja ya chuma ulionekana wazi kabisa katika shauri la Ferrari 250 GTO. Magari hayo yaliundwa 36 kati ya mwaka 1962 na 1964, na moja kati yake liliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Mwaka mmoja kabla ya mnada huo GTO nyingine ilikuwa imeuzwa kwa makubaliano ya faragha, dola milioni 44, huku giaboksi yake ya asili ikiwa haimo ndani ya gari. Gari lilikuwa linatembea vizuri kwa giaboksi nyingine. Hata hivyo mkataba uliitaja ile ya asili, na ilipopatikana Marekani, mnunuzi na muuzaji waligombana nani agharimie kuifuata na nani akabidhi nini, hadi shauri likafika Mahakama Kuu ya London, ambako mwaka 2020 mnunuzi alishinda. Mtu wa nje anaweza kucheka: watu wenye mamilioni kuburutana mahakamani kwa sanduku la gia. Anayeujua mchezo huu hacheki, kwa maana sanduku hilo lenye namba yake ndilo linalotofautisha gari lililobaki kamili na gari lililopungukiwa. Somo kwa mnunuzi ni kwamba sehemu ya asili isiyokuwemo ndani ya gari iandikwe katika mkataba kwa namba yake, mahali ilipo, tarehe ya kukabidhiwa na jina la atakayelipa usafiri.

Upande wa Lamborghini hali ni tofauti, na sababu zake ni za kihistoria. Ferrari iliingia ubia na Fiat mwaka 1969 bila kuhama wala kuvurugika, lakini Lamborghini, kampuni ya Sant'Agata Bolognese, ilipita mikono mingi. Ferruccio Lamborghini aliuza hisa zake katika miaka ya 1970, kampuni ikafilisika mwaka 1978, ikaokolewa na ndugu wa familia ya Mimran, ikanunuliwa na Chrysler mwaka 1987, ikauzwa tena kwa wawekezaji wa Indonesia mwaka 1994, na hatimaye ikatulia chini ya Audi mwaka 1998. Nyumba inayohamwa mara nyingi hivyo haikosi kupoteza karatasi. Polo Storico, iliyoanza kazi mwaka 2015, imelazimika kukusanya na kupanga kumbukumbu huku ikitoa vyeti, kuanzia modeli ya 350 GT hadi Diablo, na kwa maoni yangu imeifanya kazi hiyo kwa unyenyekevu unaopendeza.

Gari linaloipima huduma hiyo vilivyo ni Miura. Umbo lake lilichorwa na Marcello Gandini akiwa katika kampuni ya usanifu wa magari ya Bertone, likaonyeshwa katika maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1966 likiwa na injini ya silinda 12 iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti, na hadi mwaka 1973 yalikuwa yameundwa zaidi ya 760 tu. Toleo la mwisho, SV, lilikuwa 150, na ndilo ghali kuliko yote. Kwa hiyo wapo waliochukua Miura ya kwanza, ile P400, wakapanua mabawa ya nyuma, wakabadilisha taa za nyuma, wakang'oa zile kope nyeusi zinazozunguka taa za mbele, na wakapata kitu kinachofanana na SV machoni pa mpita njia. Kuna utani kwamba Miura yenye kope ina umri, na isiyo na kope ina bei, lakini hata utani huo hauaminiki sana kwa sababu zipo SV chache zilizotoka kiwandani zikiwa na kope. Aidha, kabureta za Miura zina sifa mbaya ya kumwaga petroli juu ya injini yenye moto, na magari kadhaa yameungua na kujengwa upya. Gari lililopita motoni linaweza kuwa na namba zote sahihi na chuma chake kikawa cha juzi.

Kazi ya Polo Storico iliyonivutia zaidi ni ile ya Miura P400 yenye namba ya chesi 3586. Kwa miaka 50 watu walibishana ni gari gani la rangi ya chungwa lililoendeshwa milimani katika filamu moja maarufu ya mwaka 1969, kwa kuwa katika upigaji picha zilitumika Miura mbili, moja nzima na moja iliyokuwa imeshaharibika, na ile nzima ikarudishwa kuuzwa kama gari la kawaida. Idara ililinganisha nyaraka za kiwanda na gari lenyewe, lililokuwa mikononi mwa mkusanyaji wa Liechtenstein, na mwaka 2019 ikatoa uthibitisho. Huo ni ukaguzi wa aina ninayoipenda: unaeleza gari lilikuwa wapi na lilipitia nini, na hauishii kwenye kuhesabu namba.

Idara hiyohiyo ndiyo iliyoijenga upya Countach LP500, gari la njano lililoonyeshwa Geneva mwaka 1971 kisha likavunjwa katika majaribio ya ajali mwaka 1974. Mteja mmoja aliliagiza, kazi ikachukua zaidi ya saa 25,000, hata matairi yakatengenezwa upya kwa mchoro wa zamani, na gari likaonyeshwa mwaka 2021. Kazi ni ya kustaajabisha. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba kiwanda kiliitangaza waziwazi kuwa ni gari lililojengwa upya, na hakuna aliyejaribu kusema kwamba LP500 ya kwanza imefufuka.

Jambo ambalo hakuna cheti cha kiwanda kinachoweza kulibeba ni umiliki. Kitabu chekundu kinalihusu gari. Hakisemi kwamba aliyekishika ndiye mwenye mali. Mfano unaotajwa sana ni Ferrari 375 Plus ya mwaka 1954, ambayo iliibwa jimboni Ohio katika miaka ya 1980, ikavuka bahari hadi Ubelgiji, na ikazaa madai ya pande kadhaa zilizobishana kwa miaka mingi. Ilipouzwa mnadani Uingereza mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 10, watu walidhani mabishano yamekwisha, lakini mashauri yakafufuka na mnunuzi akajikuta mahakamani. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari ni mnyororo wa hati za mauzo kutoka kwa mnunuzi wa kwanza hadi wa leo, bila pengo. Nikiona gari lililokaa miaka 12 bila mmiliki anayejulikana, kisha likaibuka katika nchi nyingine likiwa na cheti kinachong'aa, mimi hurudi kwenye ile miaka 12 kwanza. Mwanasheria wa nchi lilikotoka gari ana faida kuliko picha nzuri za bolti.

Kuhusu mtindo wa sasa wa kutukuza magari ambayo hayajaguswa, nitasema machache. Uliota mizizi mwaka 2015, pale Ferrari 250 GT California iliyokutwa bandani Ufaransa, ikiwa imefunikwa na marundo ya magazeti, ilipouzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 16 pamoja na vumbi lake. Miaka 2 baadaye Daytona ya pekee ya barabarani yenye bodi ya aluminiamu, iliyokuwa imesahauliwa bandani Japani, iliuzwa Maranello kwenyewe kwa euro milioni 1.8, nayo haijafutwa vumbi. Naunga mkono kuhifadhi rangi na ngozi za kwanza kila inapowezekana, lakini siku hizi nakutana na wauzaji wanaolilinda vumbi kama kwamba nalo lina namba ya chesi, na huko ni kuchezea akili za watu.

Kwa hiyo naipa huduma ya Ferrari Classiche alama 8 kati ya 10 kwa swali la namba na muundo, ambalo hakuna anayeweza kulijibu vizuri zaidi. Kwa swali la maisha ya gari, yaani lilipogongwa, lilipopigwa rangi, na chuma gani ni cha lini, naipa 5, na ingepanda iwapo kila kitabu kingeonyesha wazi sehemu zilizotengenezwa upya na mwaka zilipofungwa. Polo Storico naipa 7, kwa kuwa inafanya kazi na kumbukumbu chache na bado inapata majibu. Mwenye Daytona ya wazi, GTO, Miura SV au gari lolote ambalo toleo lake la bei ndogo linafanana na la bei kubwa asisite kulipia cheti. Mwenye gari la kawaida la miaka ya 1980 ambalo faili lake la risiti limekamilika, na hana mpango wa kuliuza, anaweza kusubiri.

Ile F40 ya Modena ilinunuliwa, kwa bei iliyoshushwa. Katika kupekua masanduku ya mmiliki wa pili ilipatikana risiti ya fundi rangi kutoka miaka ya 1990, iliyoeleza kwamba bawa la kulia lilikwaruzwa na lango la gereji na kwamba bodi chini yake haikupasuka. Mnunuzi ameichomeka ndani ya kitabu chekundu, nyuma ya ukurasa wenye picha ya upande huo.